Jinsi ya kuomba kozi ya lishe ya binadamu au uhandisi wa nyuklia ukiwa Uganda

Kila mwaka, matokeo ya UACE, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita, yakitoka, vijana wa hapa Bombo huniletea slipu zao na swali lilelile: "Mwalimu, niombe nini?" Mwaka huu wawili walikuja siku moja, mmoja akitaka lishe, mwingine nyuklia. Wote wanapenda sayansi, lakini njia zao za kuomba zinaachana mapema, na anayezichanganya hupoteza mwaka mzima.

Anza na majina. Weka mezani kitambulisho cha taifa, cheti cha UCE (mtihani wa kidato cha nne) na slipu ya UACE, usome majina herufi kwa herufi. Nimemwona binti mwenye alama nzuri akikwama kwa sababu ya "H" moja iliyokuwa kwenye cheti na haikuwa kwenye kitambulisho. Tofauti ya namna hiyo hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, na kubadilisha jina kabisa ni safari ndefu zaidi. Fanya hivyo kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Ukiwa ulisoma Kenya au Tanzania, vyeti vyako vya sekondari vipelekwe UNEB, baraza la mitihani la Uganda, vilinganishwe na vya Uganda. Stashahada na shahada za nje hulinganishwa na NCHE, baraza la elimu ya juu.

Halafu piga hesabu ya uzito, yaani pointi ambazo matokeo yako yanakupa kwa kozi fulani. Hapa ndipo nawasihi mkae na kalamu, maana wengi huchagua kozi kwa jina lake tu. Sharti la chini ni alama kuu mbili za UACE (principal pass, A hadi E) zilizopatikana katika mtihani mmoja, pamoja na UCE yenye masomo matano uliyofaulu. Lakini kufikisha sharti si kupata nafasi. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Masomo mawili ya lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, la tatu linalohusiana huzidishwa kwa 2, na General Paper, somo la maarifa ya jumla, pamoja na somo dogo la hesabu au ICT huongeza pointi moja moja.

Tuseme una B ya Baiolojia, C ya Kemia, D ya Kilimo, na umefaulu yale mawili madogo. Kozi inayozifanya Baiolojia na Kemia kuwa za lazima itakupa 15 na 12 na 6 na 2, jumla 35. Kozi inayotaka Kemia na Kilimo itakupa 12 na 9, Baiolojia yako ishuke kuwa 10, jumla 33. Slipu ni ileile, na pointi mbili zimepotea, wakati watu huachwa kwa sehemu ya pointi. Juu yake huongezwa uzito mdogo wa UCE, na wasichana huongezewa pointi 1.5 katika vyuo vya umma, utaratibu ulioanza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1990.

Kwa lishe, Makerere ina shahada ya Lishe ya Binadamu katika chuo chake cha kilimo na mazingira. Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha lishe pamoja na daietetiki, elimu ya kupanga mlo kwa ajili ya afya. Soma jedwali la uzito la kila chuo. Nafasi zinazolipiwa na serikali hupangwa kupitia PUJAB, bodi ya pamoja ya vyuo vya umma, na humo zimo nafasi zilizotengwa kwa kila wilaya, basi andika wilaya yako ya nyumbani kwa uangalifu. Nafasi za kujilipia huombwa chuoni moja kwa moja: fungua akaunti mtandaoni, jaza fomu, pata namba ya malipo iitwayo PRN, ulipe benki au kwa simu. Tunza risiti. Karo ikikushinda, HESFB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hutoa mkopo kwa kozi za sayansi, lakini uwe umeshapata barua ya kukubaliwa.

Nyuklia ni habari nyingine. Serikali inapanga kinu cha nyuklia wilayani Buyende, na tuna Baraza la Nishati ya Atomiki kwa sheria ya 2008, kwa hiyo wataalamu watahitajika. Ushauri wangu: soma kwanza uhandisi wa umeme, uhandisi wa mitambo au fizikia hapa nyumbani, kisha uende nje kwa shahada ya pili. Ukiwa mwanamke na umekubaliwa kusomea shahada ya pili ya nyuklia, IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, lina ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, hadi yuro 10,000 kwa mwaka za karo na kiasi kama hicho za kujikimu. Huombwa mtandaoni.

Anayetaka kuanzia shahada ya kwanza huomba ufadhili wa serikali ya Urusi. Karo hulipwa, mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kirusi, na nauli ya ndege ni juu yako. Ongeeni nyumbani mapema. Andaa pasipoti, cheti cha afya na tafsiri za vyeti. Dirisha hilo hufunguliwa miezi mingi kabla ya masomo, mara nyingine kabla hata UACE haijatoka, kwa hiyo mwanafunzi wa S.6 (kidato cha sita) aanze kulifuatilia akiwa bado darasani.