Somo: Folda ya mtandao haifunguki kwenye Linux? Nywila iache kwanza

Wadau, salamu kutoka Sakina, Arusha. Juzi umeme ulikatika, uliporudi kompyuta zetu mbili za Linux pale steshenari zikagoma kufungua folda ya mitihani iliyoko kwenye seva. Wateja wamejaa mlangoni, mwenzangu akabadilisha nywila mara tatu. Nywila haikuwa na kosa. Ruta ilipowaka upya iliipa seva anwani nyingine: ilikuwa 192.168.1.20, ikawa 192.168.1.23, na sisi tunabisha hodi nyumba iliyohamwa.

Kwa hiyo anzia hapo. Kwenye seva andika `ip a`, usome anwani yake. Kwenye kompyuta yako andika `ping 192.168.1.23`. Kimya? Kagua kebo na ruta. Ikijibu, ingia kwenye ruta uifungie seva anwani hiyo iwe ya kudumu. Fanya leo leo, maana umeme utakatika tena.

Hatua ya pili ni poti 445, mlango ambamo SMB (lugha ya kushirikishana folda kwenye mtandao) hupita: `nc -zv 192.168.1.23 445`. Ikikataa papo hapo, mara nyingi Samba, programu ya seva inayogawa folda kwa SMB, haijawaka. Kwenye seva ya Ubuntu andika `sudo systemctl restart smbd`. Ikisubiri wee bila jibu, shuku fayawoli, yaani kizuizi cha mtandao cha seva: `sudo ufw allow samba`.

Hatua ya tatu, naomba mtulie nayo (`mitihani` ni jina la folda, `fundi` ni jina la mtumiaji):

`smbclient //192.168.1.23/mitihani -U fundi`

Soma kosa lenyewe, neno kwa neno. `NT_STATUS_LOGON_FAILURE` ni jina au nywila. Samba ina nywila zake, mbali na ile ya kuingilia Linux, na wengi hukwama hapa. Msajili mtumiaji kwenye seva: `sudo smbpasswd -a fundi`. Ukipata `NT_STATUS_ACCESS_DENIED`, umetambulika ila huna ruhusa. Kagua kwa `ls -ld` folda hiyo na zote zilizo juu yake. Tafadhali msikimbilie `chmod 777`, inayompa kila mtu ruhusa zote. Ile ni mitihani ya watoto wa watu.

Maswali ya wadau

*Mkuu, niko Majengo, Moshi. Folda inafunguka ila siwezi kuhifadhi kitu.*
Huenda uliipachika (mount) kwa `sudo`, faili zikawa za root, yaani msimamizi mkuu. Angalia namba yako kwa `id -u`, kisha pachika upya ukiongeza `uid=1000,gid=1000` baada ya `-o` kwenye amri ya `mount`, kama namba yako ni hiyo.

*Fotokopi yetu ya zamani haitumi tena skani kwenye seva tangu tuboreshe Samba.*
Huenda inajua SMB1 tu, toleo la zamani la SMB, dada. Samba iliizima kuanzia toleo 4.11, mwaka 2019. Inawezekana kuirudisha, lakini sikushauri: kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kupitia udhaifu wa SMB1. Kama mashine ina FTP (njia nyingine ya kutuma faili) au inapokea flashi, tumia hiyo.

*Kompyuta inachelewa kuwaka seva ikiwa imezimwa.*
Kwenye mstari wa folda hiyo ndani ya `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya vinavyopachikwa kompyuta ikiwaka, ongeza kwenye chaguo zake `nofail,x-systemd.automount`. Itaitafuta folda pale tu utakapoifungua.