Kopo moja tu la mnanaa, kichwa kinatulia

Jamani kama kichwa kimejaa na hata ukikaa kusali mawazo yanakimbia tu, jaribu hii, chukua ndoo ya zamani au kopo lolote, toboa matundu manne matano chini maji yasituame, jaza udongo uliochanganywa na mboji halafu chomeka tawi la mnanaa, huo hausumbui kabisa, hata kwenye glasi ya maji unatoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili hivi. Sasa utamu uko hapa. Kila asubuhi kabla hujashika simu nenda kwenye kopo lako, zamisha kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu mwagilia taratibu, ukiwa na unyevu acha (maji yakizidi mizizi inakosa hewa inaoza), kaa tu hapo dakika kumi, pumua, nusa jani, omba kama unaomba au nyamaza. Mimi siku ambazo hakuna cha kumwagilia ndo nazipenda zaidi, maana huna kazi yoyote pale zaidi ya kuwepo. Matawi yakirefuka kata ncha yachipue pembeni, na hicho kipande mpe jirani naye aanze la kwake.