Kupanga msuko wa hadithi fupi kabla ya rasimu ya kwanza

Mwongozo huu wa kupanga msuko, yaani mtiririko wa matukio, ni wa hadithi ya maneno 3,000 hivi. Unahitaji daftari, kalamu, mkasi na jioni mbili. Kompyuta iache kwanza: ukiifungua tu utaanza kupamba aya ya mwanzo.

Hatua ya 1: Sentensi moja

Andika nani anataka nini, kinachomzuia, na hasara atakayopata akishindwa. Isizidi maneno 30. Mfano tutakaokwenda nao:

*Fundi cherehani wa Tandale aliyekata vibaya lesi ya mama wa bibi harusi anataka kufidia kimyakimya kabla ya Jumamosi, lakini lesi hiyo imekwisha madukani, na akigundulika, wateja watamkimbia.*

Ukijikuta umeandika "hadithi inahusu uaminifu", hiyo ni dhamira, yaani wazo kuu. Msuko bado huna. Rudia mpaka apatikane mtu mwenye shida na siku ya mwisho.

Hatua ya 2: Mwisho uje kabla ya mwanzo

Amua mhusika atachagua nini pale atakapobanwa kabisa. Fundi wetu amechukua lesi ya shangazi wa bibi harusi, ambayo ni sare ileile, akamshonea mama mtu. Ijumaa usiku ana njia mbili: amwambie shangazi kwamba lesi yake imeibiwa, au aseme ukweli. Tunachagua ukweli. Jumamosi mama anamsifu fundi mbele ya wageni, na shangazi, aliyevaa gauni lake kuukuu la kijani, anatazama pembeni asiseme neno.

Chagua mwisho unaomgharimu mtu kitu. Mjomba akitokea Muscat na lesi mpya begini, msomaji atahisi ametapeliwa, na ana haki. Bahati inaruhusiwa kumwingiza mhusika matatani. Kumtoa, hapana.

Hatua ya 3: Vipande saba

Kata kurasa za daftari mara nne. Kila kipande ni onyesho moja la maneno 400 hadi 450. Andika mistari mitatu tu: wapi na lini, nani anataka nini, na kimebadilika nini onyesho linapokwisha. Mfano wa kipande cha 4:

*Alhamisi saa nne asubuhi, kibandani. Shangazi amekuja kupimwa; fundi anataka aondoke upesi. Mwisho: fundi amedanganya kwamba lesi iko kwa fundi mwenzake wa kudarizi.*

Mstari wa tatu ukikushinda, onyesho hilo halina kazi. Litupe.

Hatua ya 4: "Kwa hiyo" na "lakini"

Hapa ndipo hadithi nyingi hufia, kwa hiyo usiharakishe. Panga vipande mezani, uvisome kwa sauti, na kati ya kimoja na kinachofuata utie "kwa hiyo" au "lakini". Panapokubali "halafu" peke yake, mnyororo umekatika.

Mbovu: Anaharibu lesi, *halafu* anakwenda kunywa kahawa, *halafu* anakutana na rafiki wa utotoni.

Nzima: Anaharibu lesi, *kwa hiyo* anakimbilia Kariakoo. *Lakini* imekwisha, *kwa hiyo* usiku anakata ya shangazi. *Lakini* shangazi anakuja kupimwa, *kwa hiyo* fundi anadanganya. *Lakini* Ijumaa shangazi anamfuata yule fundi wa kudarizi na kukuta hakuna kitu. *Kwa hiyo* usiku anarudi kibandani na kugonga mlango.

Rafiki wa utotoni unampenda? Mpe kazi: awe ndiye fundi wa kudarizi. La sivyo, aondoke. Kwa urefu huu, wahusika watatu wenye majina wanatosha. Wa nne huanza kula maneno ya wenzake.

Hatua ya 5: Panda mapema utakachovuna

Pitia vipande ukitokea cha mwisho kurudi nyuma. Kila kitu kinachoamua jambo mwishoni kionekane angalau mara moja kabla ya katikati. Gauni la kijani linahitajika kipande cha 7, basi lining'inie msumarini kipande cha 1, likiwa limeletwa kupunguzwa kiuno. Litaje kwa sentensi moja na upite. Ukilieleza kwa aya nzima, msomaji atashtuka mapema.

Kagua na kalenda: harusi Jumamosi, uharibifu Jumatano. Ungetokea Jumatatu, fundi angepata muda wa kupumua na taharuki ingelegea.

Hatua ya 6: Anza kuandika

Mpango ukizidi ukurasa mmoja umeshaanza kuandika hadithi yenyewe, tena kwa lugha kavu. Anza na mkasi ukiwa tayari kwenye kitambaa. Historia ya fundi na kibanda chake itaingia kwa vijisentensi baadaye.

Rasimu ikikataa mpango, tuseme kwenye kipande cha 5 shangazi akaamua kwenda moja kwa moja kwa mama mtu, mwache aende. Usirudi kusahihisha ulichokwisha andika. Chukua karatasi mpya, andika upya cha 6 na cha 7, kisha endelea.