Jinsi ya Kupima Hataza ya Antijeni ya Bakteria Dhidi ya Makala Iliyoitangulia

Mtafiti au wakili wa Kigoma aliyekabidhiwa mzozo wa kama makala ya kisayansi ya zamani inabatilisha hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya antijeni, yaani sehemu ya bakteria inayoamsha kinga ya mwili, aanze na tarehe. Andika siku ombi lilipowasilishwa, BRELA (wakala wa usajili wa Tanzania) au kupitia ARIPO, shirika la Afrika la hakimiliki za ubunifu lililoko Harare, au siku ya kipaumbele, yaani ya ombi la kwanza, iwapo lilitanguliwa na ombi jingine la nje ndani ya miezi 12. Makala iliyochapishwa baada ya siku hiyo haiwezi kuondoa upya wa uvumbuzi, yaani sharti la kuwa haujawahi kutangazwa, hata ikieleza kila kitu. Makala ya mwombaji mwenyewe, ikitoka kabla ya siku hiyo, nayo ni hatari: Ulaya huhesabiwa dhidi yake, ilhali Marekani humpa nafasi ya mwaka mmoja.

Kisha soma madai ya hataza, yaani sehemu inayotaja kinacholindwa, wala usihadaiwe na majina. Pertaktini, antijeni ya bakteria wa kifaduro, iliitwa P.69 kwa sababu kwenye jeli, ambayo maabara hutumia kutenganisha protini kwa ukubwa, ilionekana kuwa na uzito wa kilodaltoni 69 (kipimo cha uzito wa molekuli), ingawa mfuatano wa asidi-amino zake unaonyesha takriban 60. Namba mbili tofauti, basi, hazithibitishi kuwa ni protini mbili, na namba moja haithibitishi kuwa ni ile ile. Weka pamoja picha za jeli za hataza na za makala, pima kila mstari dhidi ya viashirio vyake vya uzito (protini za uzito unaojulikana), kisha angalia kama kingamwili zile zile zinaitambua protini hiyo pande zote mbili.

Hapo ingia katika sehemu ya mbinu, ambayo wengi huiruka na ndiyo inayoamua kesi. Makala inayotaja tu kwamba antijeni ipo haitoshi. Ni lazima iwe imemwezesha mtaalamu wa kawaida kuipata. Tafuta aina ya bakteria iliyotumika na kama wengine wangeweza kuipata, kimiminika cha kuchujia, na hatua za kutenganisha. Ikiwa mbinu hiyo ya zamani, ikifuatwa ilivyoandikwa, huzalisha antijeni hiyo kila mara, upya umepotea hata kama mwandishi hakujua alichoshika. Neno "huenda" halitoshi: rudia jaribio na uandike kila hatua.

Kuhusu usafi, mchuuzi wa Kibirizi anayepepeta mchanga kwenye dagaa hajapata samaki mpya, na antijeni iliyosafishwa zaidi kwa njia za kawaida huweza kuhesabiwa vivyo hivyo, si mpya. Usafi ukileta kinga ambayo hakuna aliyeitarajia, hoja huhamia kwenye hatua ya uvumbuzi, yaani kama mtaalamu wa kawaida angeifikia kwa urahisi.

Angalia pia nchi. Maelekezo ya Ulaya ya mwaka 1998 huruhusu hataza ya kitu kilichotengwa kutoka mazingira yake ya asili, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Myriad, ilikataa hataza ya DNA ya asili iliyotengwa tu.

Pingamizi katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya huwasilishwa ndani ya miezi 9 tangu kutangazwa kwa hataza. Kwa hiyo agiza jaribio kwanza, hoja ziandikwe wakati jeli inasubiriwa.