Kabla ya Kuchapa Picha Nyeusi na Nyeupe kwa Printa ya Nyumbani

Hakuna kinachoiumbua printa kama picha nyeusi na nyeupe. Kwenye picha ya rangi, jani likipungua ukijani au ukuta ukizidi wekundu, jicho linasamehe. Kijivu hakisamehewi. Kikiegemea kijani hata kidogo, mtu asiyejua chochote kuhusu wino atakwambia picha ina kasoro, ingawa hatajua ni ipi. Chanzo ni kwamba printa nyingi za nyumbani hazitengenezi kijivu kwa wino mweusi peke yake. Hukijenga kwa kuchanganya sayani (buluu ya maji), majenta (waridi iliyokolea) na njano, kisha nyeusi huongezwa kwenye vivuli. Karibu kila jambo la kukagua mapema ni la kuulinda mchanganyiko huo.

Kwanza jua printa yako imebeba wino gani. Epson L805 ina rangi sita, zote za dai, yaani wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa: nyeusi, sayani, majenta, njano, pamoja na sayani hafifu na majenta hafifu. Hizo mbili hafifu ndizo hulainisha sehemu angavu za picha, ili ngozi na mawingu visionekane kama vimemwagiwa mchanga. L8180 ina wino wa kijivu kabisa, na hilo ni faida kubwa, kwa sababu kijivu kilichokuja kikiwa kijivu hakihitaji sana rangi tatu zikubaliane. Printa za Canon za G zenye matangi manne, kama G3010, zina rangi tatu za dai na nyeusi ya pigimenti, yaani wino wa chembe ndogo zinazoelea kwenye maji. Chembe hizo hukaa vizuri kwenye karatasi ya kawaida, lakini kwenye karatasi inayong'aa hubaki juu juu na kufutika kwa kidole. Ndiyo maana ukichagua karatasi ya kung'aa, printa za namna hii huiweka kando nyeusi yao na kuunda weusi kwa rangi tatu. Matokeo yake ni nyeusi yenye ukahawia au ubuluu, isiyo na kina. Usijaribu kuidanganya printa kwa kuchagua karatasi ya kawaida huku umeweka ya kung'aa. Utapata picha inayochafua mikono. Mwenye printa ya aina hiyo anunue karatasi ya picha isiyong'aa.

Baada ya hapo chapa ukurasa wa kukagua matundu ya kichwa, yaani sehemu ya printa inayonyunyiza wino, na uusome kweli, mstari kwa mstari. Kwenye picha nyeusi na nyeupe watu hudharau hatua hii wakidhani rangi hazihusiki. Zinahusika kuliko kitu kingine. Majenta ikikatika, kijivu kinakuwa kijani. Sayani ikikatika kinaelekea wekundu, na njano ikikatika kinaelekea ubuluu. Mistari ya njano haionekani vizuri chini ya taa ya ndani, kwa hiyo peleka karatasi dirishani mchana. Ukikuta pengo, safisha kichwa mara moja, kagua tena, na usizidi mara mbili au tatu kwa mfululizo. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji ya wino taka iliyo ndani ya printa, na sponji hiyo ikihesabiwa kuwa imejaa, printa inagoma kuchapa. Kama pengo bado lipo, izime na uiache kwa saa 12 au zaidi. Mara nyingi wino mkavu hulainika wenyewe kuliko unavyolainika kwa kulazimishwa.

Kuziba kwenyewe kunatokana sana na namna ya kuzima. Printa izimwe kwa kitufe chake, si kwa swichi ya ukutani wala kwa kuchomoa ekstensheni, kwa sababu kitufe ndicho kinachokirudisha kichwa kwenye kifuniko chake. Kichwa kilichoachwa katikati ya njia hukauka. Umeme ukikatika kazi ikiendelea, ukirudi tu iwashe printa ili kichwa kirudi mahali pake, hata kama huna mpango wa kuendelea. Karatasi ya A4 kwa ubora wa juu kabisa huchukua dakika kadhaa, na picha iliyokatika katikati haiunganiki tena. Kwa hiyo kuangalia uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni sehemu ya maandalizi, usicheke. Hata wiki ambayo huna kazi, chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote.

Karatasi nayo ina mambo yake. Gramu 200 hadi 260 kwa mita ya mraba inatosha kwa picha ya kushikwa mkononi au kuwekwa kwenye fremu. Uzito huo hausemi chochote kuhusu ubora wa tabaka la juu, na hapo ndipo karatasi za bei rahisi zinapotofautiana na za bei ya juu. Karatasi ya kung'aa hutoa nyeusi nzito zaidi, lakini inaakisi taa. Isiyong'aa ni tulivu machoni na inawafaa wazee kwenye picha zao, ila nyeusi yake haiendi mbali, hivyo vivuli vinaungana mapema. Karatasi nyeupe sana yenye ubuluu imetiwa kemikali ya kung'arisha. Inapendeza dukani, lakini kemikali hiyo hudhoofika kwa miaka na weupe hugeuka manjano kidogo. Kwa picha ya kudumu, chagua nyeupe ya asili.

Hakikisha pia upande wa kuchapia. Kwenye karatasi isiyong'aa pande mbili hufanana, kwa hiyo gusa pembe kwa kidole chenye unyevu kidogo: upande unaonata ndio wenye tabaka la kupokea wino. Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na pwani yote, unyevu wa hewa huikunja karatasi na kuchelewesha kukauka. Acha pakiti imefungwa, toa karatasi unazohitaji tu, na usizilaze kwenye trei usiku kucha. Karatasi iliyopinda pembe huguswa na kichwa kikipita na kuacha michirizi myeusi ukingoni. Ikiwa imepinda, inyooshe kwa upole upande wa pili, na kwenye mipangilio washa chaguo la karatasi nene kama lipo.

Faili lenyewe sasa. Kwa A4 unahitaji pikseli zipatazo 2480 kwa 3508, yaani 300 kwa kila inchi. Simu ya kawaida ya megapikseli 12 inafika hapo. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida haifiki: upande mrefu huwa umepunguzwa hadi pikseli 1600 hivi, ambazo kwenye A4 ni kama 137 tu kwa inchi. Mwombe aliyekutumia aitume upya kama dokumenti. Ikiwa ndiyo hiyo tu iliyopo, ichape ndogo, upande mrefu sentimita 13 hivi, nayo itapendeza.

Usigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa kuondoa rangi kwa kubofya mara moja. Tumia kichanganya rangi kwenye programu ya kuhariri. Ngozi nyeusi ina nyekundu na chungwa nyingi, kwa hiyo ukipandisha hizo mbili kidogo uso unafunguka bila kuichoma kanzu nyeupe iliyo karibu nao. Ukipandisha mwanga wa picha nzima, kanzu ndiyo inayoangamia kwanza. Kwenye kipimo cha mwanga cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), weupe wake uache kwenye 245 badala ya 255, maana penye 255 printa haiweki wino kabisa, na mikunjo ya kitambaa inapotea kwenye weupe wa karatasi. Anayenakili picha ya zamani ya studio aiskani kwa rangi, si kwa kijivu, ili doa la manjano au la kutu aweze kulitenganisha na picha yenyewe. Kwa picha ndogo ya sentimita 6 kwa 9, skani kwa pikseli 600 kwa kila inchi.

Lalamiko la kawaida kuliko yote ni kwamba picha imetoka nyeusi mno, na mara nyingi printa haina kosa. Skrini ndiyo ilikuwa na mwanga mkali. Fungua ukurasa mweupe mtupu, weka karatasi nyeupe kando ya skrini ndani ya chumba chenye mwanga wa kutosha, kisha punguza mwanga wa skrini hadi vyote viwili vilingane. Wengi hushangaa umbali wanaoshuka. Hariri picha baada ya hapo, si kabla.

Kwenye mipangilio ya kuchapa, aina ya karatasi ndiyo inayoamua kiasi cha wino, kwa hiyo isiachwe kwenye karatasi ya kawaida kwa kusahau. Chagua ubora wa juu na uzime uchapaji wa kasi, ambao hupaka wino kichwa kikienda na kikirudi na huweza kuacha mistari kwenye anga au ukuta. Usimamizi wa rangi ufanywe na upande mmoja tu: ama programu ya picha ikitumia profaili (faili la maelezo ya rangi) ya karatasi hiyo, ama printa. Vyote viwili vikisahihisha, kijivu kinageuka majenta au kijani na hutajua wa kumlaumu. Chaguo la Grayscale (kuchapa kwa kijivu) lijaribu, usiliamini tu. Kwenye printa fulani linatumia wino mweusi peke yake. Hapo kijivu hakiegemei rangi nyingine, lakini vitone vinaonekana kwenye sehemu angavu. Kwa picha ya bandari yenye mawingu mazito inakubalika. Kwa uso wa mtoto, hapana.

Jaribio ni karatasi moja ya A4 iliyokatwa vipande vinne. Kipande cha kwanza chapa ngazi ya visanduku vya kijivu 21, kutoka nyeusi hadi nyeupe, asilimia tano kila hatua. Tazama ni wapi viwili vya mwisho vya giza vinaungana. Vikiungana, fungua vivuli vya picha kidogo kabla ya kuchapa. Kipande cha pili chapa sehemu ngumu ya picha yako kwa ukubwa wake halisi: jicho, nywele, ukingo wa kanzu. Usiihukumu ikiwa mbichi, kwani wino wa dai hubadilika ukikauka. Subiri angalau saa moja, na ikiwezekana hadi kesho yake. Itazame kwanza dirishani penye kivuli, halafu chini ya taa ya chumba itakamotundikwa. Kijivu kilichojengwa kwa rangi kinaweza kuwa safi mchana na kuwa na wekundu usiku. Ikiwa itakaa sebuleni chini ya balbu, balbu ndiyo hakimu.

Tenga pia mahali pa kulaza picha, pasipo na upepo wa feni wala vumbi. Baada ya dakika 15 ifunike kwa karatasi ya kawaida, na isiingie kwenye fremu kabla ya saa 24, la sivyo mvuke uliobaki kwenye wino utatia ukungu kioo kwa ndani. Picha ya wino wa dai isiyo na kioo, hasa karibu na jiko, hupauka mapema. Nyuma ya kila kipande cha jaribio andika kwa penseli aina ya karatasi, ubora na mipangilio uliyotumia. Kalamu ya wino usitumie, maana huhamia kwenye uso wa picha iliyo chini yake.