Kabla ya kufungua kopo: kupaka rangi injini ya lori la zamani bila kuishusha

Kupaka rangi kwenyewe ni kazi ya nusu siku. Bedford ya marehemu mzee wangu ilinila wiki mbili na hiyo nusu siku, na ninachotaka kueleza hapa ni zile wiki mbili. Ni lori la pua, lile umbo la TJ lililoanza kutoka Uingereza mwaka 1958, na injini yake ni dizeli ya silinda sita, lita 5.4, chuma kitupu. Fundi mmoja mzee wa Kizota, hapa Dodoma, nilipompelekea anitajie bei, aliinua boneti, akachovya kidole pembeni ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akanitazama. “Mwanangu, hapa sioni injini ya kupaka. Naona grisi, injini iko ndani yake.”

Jambo la kwanza la kuamua ni kama injini inastahili kubaki mahali pake. Kama klachi inateleza, au oilsili ya nyuma (mpira wa kuzuia oili) inadondosha oili kati ya injini na gia boksi, siku si nyingi utashusha kitu tu. Subiri siku hiyo, upake ikiwa chini, uizunguke pande zote. Kama inawaka vizuri, haili oili na haina mpango wa kufunguliwa, basi kuipaka ikiwa ndani ni busara, ila ukubali mapema kwamba upande wa nyuma unaotazama ukuta wa kebini hutaufikia wote. Mimi nilijichorea mpaka: chochote ninachoweza kukiosha, kukisugua na kukikausha kwa mkono wangu ndicho nitakachokipaka. Kule ambako mkono unafika kwa brashi ya rangi tu na haufiki kwa msasa, niliacha. Rangi juu ya uchafu inabanduka kama ganda la kitunguu, na vipande vyake vinakwenda kuvutwa na feni.

Halafu msimu. Dodoma mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukata Aprili. Kuanzia Julai upepo unapata nguvu, na kufika Agosti, wakati wa Nane Nane pale Nzuguni, vumbi jekundu linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Rangi mbichi ya mafuta inahitaji saa kadhaa kabla haijaacha kunasa vumbi, kwa hiyo Agosti na Septemba mimi nazifuta kabisa kwenye kalenda. Mei ni nzuri sana: mvua imekatika, majani bado yameshika udongo, na jua halijawa kali. Juni nayo inafaa, lakini asubuhi chuma kinakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Subiri hadi saa tatu au saa nne kipate joto, maana rangi kwenye chuma baridi inatiririka na kuchelewa kukauka. Oktoba na Novemba tatizo linageuka: chuma kilichokaa juani kinakausha rangi kabla brashi haijamaliza mkupuo. Ukilazimika, fanya kivulini. Na kivuli kiwe cha bati au turubai. Kivuli cha mti kina majani, ndege na siafu.

Siku ya kupaka mwagia maji ardhi inayolizunguka lori. Najua maji hapa kwetu si ya kuchezea. Ya kufulia yanatosha.

Maji yenyewe yanahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo yaliyoniharibia mara ya kwanza. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako. Ukiosha injini kwa maji hayo na kuyaacha yakauke yenyewe, chumvi inabaki kwenye vinyweleo vya chuma, na chumvi iliyofunikwa na rangi inavuta unyevu na kuotesha kutu chini kwa chini. Mimi nilipaka Jumamosi nikifurahi. Mvua za kwanza zilipokuja, rangi ikaota malengelenge kama mguu uliovaa kiatu kipya. Sasa suuzo la mwisho nafanya kwa maji ya mvua niliyoyakinga, ndoo moja tu, halafu napuliza upepo wa kompresa kila kona mpaka pawe pakavu. Huna kompresa, washa injini dakika kumi baada ya kuosha, joto likaushe.

Usioshe injini ikiwa moto. Chuma cha kusubu kikimwagiwa maji baridi ghafla kinaweza kupasuka, na pampu ya dizeli ndiyo inayoogopesha zaidi: pistoni zake ndogo zinapita kwenye vitundu vyake kwa nafasi finyu mno, gamba la nje likisinyaa ghafla zinaweza kukwama papo hapo. Pampu ikikwama, bei yake ni makopo mengi sana ya rangi. Iache ipoe usiku kucha, uifunge kwa mfuko wa plastiki na mpira, na mashine ya presha usiielekezee hata ikiwa baridi. Kama lori lako ni la petroli, vifuniko hivyo hivyo viende kwenye karbureta, distribyuta na koili.

Kuhusu cha kuoshea, wengi wetu tunaanza na dizeli au mafuta ya taa, na vinafaa kulainisha grisi ya miaka. Paka, acha saa moja, kwangua kwa kijiti au kisu butu, rudia. Lakini vyote viwili vinaacha utando. Baada yake lazima ije sabuni kali na brashi, kisha suuzo, kisha kitambaa safi chenye thina kwenye kila eneo unalokwenda kupaka. Kitambaa kikitoka cheusi, geuza upande mwingine, futa tena, mpaka kitoke kilivyoingia. Petroli usiiguse. Mvuke wake unatambaa chini, unafika kwenye jiko la mama lishe mita kadhaa kutoka hapo, na unarudi ukiwa moto. Na zile dawa za kopo zenye silikoni za kung'arisha mipira ziweke mbali kabisa, kwa sababu tone lake moja linafanya rangi ijitenge na kuacha vitundu kama macho ya samaki.

Tope la grisi litakalodondoka, litandikie turubai lenye mchanga juu. Korongo likiwa kavu linaonekana kama jalala, lakini Desemba litapeleka uchafu wako kwenye shamba la mtu. Ukimwaga maji ya rejeta, angalia kama yana kuulanti. Ile dawa ya kijani ni tamu na ni sumu. Mbuzi wa jirani hawajui kusoma, na mbwa ndiyo kabisa. Kinga kwa beseni, funika.

Injini ikishakuwa safi usikimbilie rangi. Iendeshe siku mbili tatu. Nilichofanya, na nakushauri ufanye, ni kupaka poda ya mtoto pale nilipopashuku: chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kwenye ukingo wa sampu, kuzunguka pampu ya maji, kwenye vile vifuniko vya duara vya bati ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini. Ukirudi kutoka Chamwino, mvujo unaonekana wazi, mstari mweusi kwenye weupe, na unaufuata juu hadi ulikoanzia. Mara nyingi unadhani ni gasketi ya sampu, kumbe oili inatoka juu kwenye tapeti kava na kuteremka. Kwangu ilikuwa hivyo. Gasketi moja na boliti nne zilizolegea. Vifuniko vya duara vikiwa na kutu inayolia maji, badilisha sasa, kwa maana ukivigonga baada ya kupaka umeharibu kazi. Mvujo ambao hutaki kuutengeneza usiupakie rangi.

Upande wa afya mafundi wetu wanaupita haraka, mimi sitaki. Rangi za malori ya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na gasketi za ekzosi na vitambaa vya kuzuia joto vya enzi hizo vinaweza kuwa na asbesto. Vyote havina madhara makubwa vikitulia. Hatari ni vumbi lake. Kwa hiyo usiende na brashi ya waya ya kwenye drili ukichimba kila kitu. Lowesha, kwangua kwa mkono, tumia msasa wa maji, na kitambaa cha joto kilichozeeka ukiache au ukitoe kikiwa kimelowa na kukifunga kwenye mfuko. Watoto wasiwepo. Nguo ulizofanyia kazi zifuliwe peke yake. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa. Rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha rangi) mimi siwezi kumshauri mtu azipulize uani kwake: mvuke wake unaharibu mapafu na unahitaji barakoa ya kupelekewa hewa safi kwa mpira.

Habari njema ni kwamba huhitaji kukwangua rangi yote ya zamani. Iliyoshika vizuri ipitishie msasa tu ipoteze mng'ao, na kingo zake zilainishwe. Tabaka nene ndilo linalobanduka mapema.

Kununua rangi. Rangi ya mafuta ya milango, ambayo muuza duka atakuapia kwamba “hata wenye mabasi wanachukua hii,” inaweza kukaa kwenye bloku muda fulani, kwa kuwa maji ya injini yanacheza kwenye nyuzi 80 hadi 95. Karibu na ekzosi itageuka kahawia na kunuka. Tafuta kopo lililoandikwa kwamba ni la injini na linalotaja nyuzi. Nyingi zinasema karibu 260 za selsiasi. Kwa manifoldi ya ekzosi, bomba lenye matawi linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, hilo nalo halitoshi, inataka rangi yake ya nyuzi 600 na zaidi, na hukomaa kwa kuwashwa na kupoa mara kadhaa. Mimi manifoldi niliisugua nikaiacha hivyo hivyo, na sijutii. Kabla ya kununua ya kutosha, chukua kopo dogo, paka kipande cha bati, kikae wiki, halafu ukilaze kwenye dizeli usiku mmoja. Rangi ikilainika, umeokoa hela. Lita moja ilinitosha kupaka mara mbili kwenye silinda sita na kikabaki cha kurekebishia.

Rangi ya asili utaiona ukifungua breketi ya alteneta (mashine inayochaji betri) na kutazama chini yake, mahali ambapo jua na brashi za watu havijafika. Peleka breketi yenyewe dukani. Picha ya simu inadanganya. Mimi sikuona dhambi kuchagua ya kijivu iliyo nyepesi kuliko ya kiwandani, kwa sababu kwenye rangi nyepesi mvujo mpya unajionyesha siku hiyo hiyo.

Brashi au kupuliza? Injini ikiwa ndani ya lori, brashi. Ukipuliza utafunika muda mrefu kuliko utakaopaka, na bado ukungu wa rangi utakwenda kukaa kwenye kioo na dashibodi. Nunua brashi mbili nzuri zenye nywele laini, ya inchi moja na ya nusu inchi, na ile ndogo uifunge kwenye waya mgumu uliokunjwa ili ifike nyuma ya pampu.

Kufungua vitu kabla ya kazi: betri, ukianza na waya wa hasi, kisha boneti, feni na mkanda wake, rejeta. Rejeta ikitoka unaweza kusimama pale mbele na kufanya kazi kama mtu. Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Boliti ziingie kwenye chupa za maji zilizokatwa, kila chupa na jina lake. Magurudumu yawekewe mawe. Hendibreki ya lori la umri huu si ya kuiamini, na kama utaingia chini, jeki peke yake isishike uzito.

Kufunika ndiko kunakochosha, na ndiko nilikokaa siku nzima. Foili ya jikoni inajikunja kufuata mabomba vizuri kuliko gazeti. Vya kufunika ni alteneta, stata, mipira yote, nati za mabomba ya nozeli, linki na kizimio cha pampu, kitundu cha kupumulia oili, na shina la kijiti cha kupimia. Sehemu ya waya wa ethi kwenye bloku ibaki chuma kitupu, la sivyo stata itasuasua na utamlaumu muuza betri. Namba ya injini ifunikwe kwa tepu kwa uangalifu kuliko kitu kingine. Imeandikwa kwenye kadi, na jirani yangu mmoja aliyeipaka ilimbidi aikwangue mbele ya mkaguzi akitokwa jasho. Midomo ya kuvuta hewa na mabomba ya rejeta yazibwe kwa vitambaa vinavyoning'inia nje, vyekundu ukivipata, na uvihesabu. Vyangu vilikuwa 9. Namba niliiandika kwa chaki kwenye mlango, kwa sababu kitambaa kimoja kikisahaulika kwenye mdomo wa hewa injini itakimeza.

Panga pia siku kwa mtiririko huu: kusugua mara ya mwisho, kufuta kwa thina, na praima ya chuma (rangi ya kwanza ya kushikiza) vyote viwe siku moja, maana chuma kitupu kilicholala nje kinaweza kuamka na kutu ya njano. Vipande vya alumini, kama mdomo wa tamostati kwenye baadhi ya injini, vinataka praima yake yenye asidi, vinginevyo rangi inatoka kwa ukucha. Vitambaa vyenye thina na rangi visirundikwe kwenye kona ya gereji. Rangi ya mafuta inapokauka inatoa joto, na rundo linaweza kujiwasha usiku. Vitandaze chini, kimoja kimoja, mbali na lori, vikauke ndipo vitupwe.

Usiku wa kuamkia kazi nilikagua mara mbili: betri imetoka, foili imekaa, vitambaa 9, kopo limegeuzwa kichwa chini ili rangi iliyotuama ianze kuachia. Asubuhi nilikunywa chai nikiutazama mwarobaini wa uani. Majani yalikuwa yanatikisika, nikaahirisha hadi Alhamisi.