Jinsi ya kupanga orodha yako ya programu za rezidensi Marekani

Usaili ukiisha mwezi Januari, daktari aliyeomba rezidensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) Marekani anabaki na kazi moja, nayo inawachanganya wengi kuliko mitihani: kuzipanga programu zilizomsaili, kuanzia anayoitaka zaidi hadi ya mwisho, kwenye mfumo wa NRMP, shirika linalooanisha orodha za waombaji na orodha za programu. Mwongozo huu ni kwa mliosomea Muhimbili, Nairobi, Makerere, Bujumbura na kwingineko nje ya Marekani. Nachukulia kwamba maombi yalishapita ERAS, mfumo wa kutuma maombi mtandaoni, na usaili umeshafanya. Programu ambayo haijakusaili usihangaike kuiweka, maana na yenyewe haitakuwa imekuweka.

Hakikisha kwanza unaruhusiwa

ERAS na NRMP ni vitu viwili tofauti. Kuomba kupitia ERAS hakukuandikishi NRMP. Unajisajili na kulipia kwa mkono mwingine, na ada ya usajili inakuruhusu kupanga programu 20. Ukizidisha hapo unaongeza malipo kwa kila programu.

Kisha kuna ECFMG, shirika linalowathibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani. Kwa aliyesomea nje, NRMP inauliza huko kama umefaulu mitihani inayotakiwa, yaani Step 1 na Step 2 CK za mitihani ya leseni ya Marekani (USMLE), pamoja na kutimiza masharti ya njia ya ECFMG (pathway) uliyoiombea, ukiwamo mtihani wa Kiingereza wa OET. Yote hayo yawe yamekamilika kabla ya siku ya mwisho ya kupanga. Matokeo ya Step 2 CK huchukua wiki kadhaa kutoka, kwa hiyo anayefanya mtihani Februari anacheza na moto. Asiyethibitishwa huondolewa, hata kama programu kumi zinamsubiri.

Kompyuta inavyofanya kazi

Hapa ndipo ningekuomba usome polepole. Tuchukue mfano wa Daktari Neema. Ameweka programu ya Bronx namba moja, Detroit namba mbili, Minneapolis namba tatu. Kompyuta inaanza na namba moja yake: je, Bronx wamemweka kwenye orodha yao? Hawakumweka. Inashuka Detroit. Detroit wamemweka, ila nafasi yao ya mwisho kwa wakati huo imeshikwa na Daktari Otieno. Inaangalia Detroit wanamtaka nani zaidi. Neema kwao ni namba 9, Otieno ni namba 14. Otieno anatolewa, Neema anaingia, na Otieno anarudi kwenye orodha yake kutafutiwa programu inayofuata, ambako naye anaweza kumtoa mtu mwingine. Hakuna aliyekalia nafasi kwa kudumu mpaka majina yote yaishe.

Neema kuanza na Bronx hakukumpunguzia chochote. Alipofika Detroit, hakuna aliyemuuliza mbona hukutuweka namba moja. Na Otieno, hata kama Detroit ilikuwa ya kwanza kwake, hakupata upendeleo wowote kwa sababu hiyo. Programu hazioni umeziweka namba ngapi, si kabla wala baada.

Hesabu hii ya kuanza na matakwa ya mwombaji imetumika tangu upangaji wa mwaka 1998, baada ya Alvin Roth na Elliott Peranson kuusanifu upya mfumo. Roth alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012, pamoja na Lloyd Shapley, kwa kazi ya namna hii.

Kwa hiyo panga kwa unavyotaka wewe, si kwa unavyodhani wao wanakutaka. Tatizo ni mazoea. Tangu shuleni tumezoea kujaza fomu za machaguo kwa kukadiria: hii pointi zangu hazifiki, hii ina ushindani, basi naweka mbele ile nitakayoipata. Ukileta akili hiyo hapa unajiumiza bure. Neema angeweka Detroit mbele kwa woga, halafu kumbe Bronx walikuwa wamemtaka, angeishia Detroit na asingejua kamwe.

Barua tamu

Februari simu na barua pepe huanza kuja: "tumekupenda sana", "uko juu kwenye orodha yetu". Furahi, jibu kwa adabu, usibadilishe kitu. Maneno hayo hayamfungi mtu. Kwa kanuni za NRMP, programu hairuhusiwi kukuuliza utaipanga namba ngapi, wala kukutaka utaje programu nyingine zilizokusaili. Wewe kwa hiari yako unaweza kuwaambia kuwa ndio chaguo lako la kwanza. Basi iambie programu moja tu, na iwe kweli.

Cha kupima kabla ya kupanga

Kwa mwenzetu wa Afrika Mashariki, naanza na visa, halafu mengine. Kuna programu zinazokubali J-1 pekee, yaani visa ya mafunzo ya kubadilishana, nyingine hushughulikia na H-1B, visa ya kazi, nyingine hazitaki kusikia habari za visa. J-1 inadhaminiwa na ECFMG, na ukimaliza mafunzo unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili, isipokuwa upate msamaha. Njia maarufu ya msamaha ni Conrad 30, ambapo kila jimbo linaweza kuwaombea hadi madaktari 30 kwa mwaka, nao hukubali kufanya kazi miaka mitatu sehemu zenye uhaba wa madaktari. H-1B haina sharti hilo la kurudi, lakini inadai uwe umefaulu Step 3, hatua ya mwisho ya USMLE, na tangu Septemba 2025 maombi mapya kutoka nje yamewekewa ada ya dola 100,000. Usidhani kwamba programu iliyokuwa ikitoa H-1B miaka iliyopita bado inatoa. Mwandikie mratibu, upate jibu la maandishi kabla ya kupanga. Angalia pia uraia wako: tangazo la Juni 2025 liliwawekea Warundi vikwazo, visa ya J ikiwamo, na orodha za namna hiyo hubadilika.

Baada ya visa, waulize marezidenti wenyewe, wakiwa peke yao. Je, kikomo cha saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, kinaheshimiwa au huandikwa tu? Wanaomaliza wanafaulu mtihani wa bodi? Waliosomea nje wanapata nafasi za ubingwa wa juu? Pesa nayo ina maneno. Mshahara wa mwaka wa kwanza haupishani sana, mara nyingi kati ya dola 60,000 na 75,000, lakini kodi ya chumba New York si ya Detroit. Na kama unakwenda na mke au mume na watoto, mji wenye jamii ya kwenu, kama Wakenya walivyo wengi Minnesota, unastahili kupandishwa nafasi moja au mbili. Baridi utaizoea, upweke ni shughuli nyingine.

Urefu wa orodha

Miaka ya karibuni, kati ya madaktari 100 wa kigeni waliosomea nje, wanaopata nafasi ni kama 58. Usikate orodha basi. Programu ya chini haiwezi kukuvuta kutoka ya juu. Inafikiwa tu zile za juu zikishindikana. Mpaka wake ni mmoja: usiweke mahali usipoweza kwenda. Ukipangiwa umefungwa kwa mkataba, na kuukimbia bila ruhusa ya NRMP kunaweza kukufungia milango ya miaka ijayo. Jiulize, kati ya programu hii na kukosa kabisa mwaka huu, nachagua nini? Jibu likiwa kukosa, ifute.

Soma pia aina ya nafasi. Kuna inayokuchukua mwanzo hadi mwisho wa mafunzo. Kuna ya awali ya mwaka mmoja, hasa upasuaji na tiba ya ndani, isiyoahidi mwaka wa pili. Na kuna inayoanzia mwaka wa pili, kama baadhi ya nafasi za radiolojia, ganzi na ngozi. Hiyo unaiambatanishia orodha ya nyongeza ya mwaka wa kwanza. Ukisahau orodha hiyo ya nyongeza, unaweza kupata radiolojia ukakosa pa kuanzia. Wenza wanaotaka kwenda pamoja hupanga kwa jozi, programu yake na yako mstari mmoja.

Kuthibitisha

Kuhifadhi orodha si kuithibitisha. Ukimaliza kupanga, bonyeza kuthibitisha, weka nywila, kisha hakikisha ukurasa unaonyesha kuwa imethibitishwa. Piga picha ya skrini. Ukibadilisha hata mstari mmoja, thibitisha tena. Mwisho huwa saa tatu usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kwa Dar es Salaam na Nairobi ni saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata. Usisubiri alfajiri hiyo. Umeme na intaneti unavijua.

Baada ya hapo

Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi utaambiwa kama umepata. Ukikosa, unaingia SOAP, awamu ya kujaza nafasi zilizobaki, siku hiyo hiyo, na unaruhusiwa kuomba programu zisizozidi 45 zilizobaki na nafasi, kwa hiyo andaa barua zako mapema. Ukipata, Ijumaa saa sita mchana kwao, saa moja jioni kwetu, utajua ni wapi.

Wa J-1 anza mara moja kufuatilia barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako, inayoeleza kwamba nchi inauhitaji utaalamu unaokwenda kuusomea. Maneno yake yamewekwa na kanuni za Marekani, hivyo nenda wizarani na mfano uliochapwa, jina la fani likiwa sawa na lilivyo kwenye mkataba wako. Mafunzo huanza Julai, na barua yenye neno moja tofauti hurudishwa.